Gari Lisilopendwa Malindi: Dalili, Chanzo na Pa Kuanzia

Mwongozo huu ni wa mwenye gari ambalo halitamaniwi na mtu: Nissan Sunny B14 au B15, Wingroad, Mitsubishi Cedia, Galant, Corolla AE100 iliyopauka hadi rangi yake haijulikani. Wenye Probox wana mafundi wao na spea kila duka, sikuwaandikia wao. Magari ninayoyasema mimi hayana soko, na ndiyo maana mtu wa mshahara mdogo huyamudu.

Kabla ya dalili yoyote, jua umri wa gari lako wa hapa nchini. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo gari la mwaka 2000 unaloliona leo Maweni au Barani liliteremka bandarini Mombasa karibu na 2008 au kabla. Tangu hapo limepigwa na kusi na kaskazi, limelala chini ya mwarobaini, limetiwa maji ya kisima, na kila mwenye nalo amemwita fundi wake. Kilomita za kwenye dashibodi hazitakueleza hayo. Inua zulia la buti utazame chini yake.

La pili ni utaratibu. Gari kuukuu likisimama, fundi mwenye haraka hutaja kitu kikubwa: injini, giaboksi, kompyuta. Wewe anzia chini: chumvi, waya, maji, uchafu, kifuniko, mpira. Nitayapanga hivyo kila dalili, kutoka kwa kisicho na gharama hadi kwa kinachouma.

Stata inasema "tik", kisha kimya

Sikiliza tik yenyewe. Tik-tik-tik za haraka, taa zikipepesa, mara nyingi ni betri iliyokosa nguvu. Tik moja nzito na taa zimebaki kali, tazama stata: brashi zimekwisha, au vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi, swichi kubwa iliyo juu ya stata, vimelika. Kwenye Toyota za zamani vipande hivyo hubadilishwa peke yake, huna haja ya kununua stata nzima. Tik moja na taa zote zinazimika kama zimenyongwa, umeme unakwama njiani.

Hapo ndipo mazungumzo haya husikika gereji:

"Ami, betri imekufa hii. Leta elfu kumi tuweke nyingine."

"Betri nimenunua Ramadhani iliyopita, mwanangu."

"Basi ni alteneta."

Huenda ikawa si betri wala alteneta. Chukua mita ya umeme, hata ile ndogo ya bei rahisi. Betri iliyopumzika usiku kucha na imejaa husoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imekwisha chaji. Mtu apige stata huku wewe unaitazama mita: ikiporomoka chini ya 9.6 na ilikuwa imejaa, betri ni dhaifu kweli.

Ikiwa haiporomoki, fanya kipimo ambacho wengi hawakifanyi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri, sehemu mbili au tatu za kumi ya volti. Ikisoma nusu volti au zaidi, tatizo ni waya wa athi, ule mweusi unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na giaboksi. Mwambao huu, waya huo ndio unaoanza kufa. Hewa yenye chumvi huingia chini ya boliti, shaba inaota ukungu wa kijani, na umeme unakosa pa kupita. Gari lililofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni usiliulize, anza na athi moja kwa moja.

Dawa: fungua kila mwisho wa waya huo, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae pande zote mbili, funga kwa nguvu, paka grisi au vaselini juu. Tazama pia waya wenyewe. Ukiukunja ukasikia unakwaruza ndani ya mpira, umeoza, weka mpya na uwe mnene.

Injini ikishawaka, mita kwenye betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu na inashuka, sasa ndiyo uulize habari za alteneta, na hata hapo anza na mkanda uliolegea na brashi.

Gari likiwaka vizuri jioni na asubuhi betri ikawa maiti, kuna kinachonyonya usiku. Washukiwa wa kwanza ni redio na alamu zilizofungwa na kijana wa mtaani, kisha taa ya buti isiyozimika. Chomoa fyuzi moja moja huku mita ikipima mkondo, mpaka usomaji ushuke.

Wanaoacha gari Mokowe wakapanda boti kwenda Lamu wafungue taminali ya hasi kabla ya kuondoka. Na handibreki wasiivute. Waache gari kwenye gia, au P kwa otomatiki, waweke jiwe nyuma ya gurudumu. Ukirudi baada ya wiki tatu kando ya bahari, viatu vya breki ulivyovikaza huwa vimegandana na dramu kwa kutu, na utalisukuma gari hadi uchoke.

Linazimika njiani likipata moto, likipoa linawaka

Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita kama 120, urefu unaotosha kuifichua dalili hii. Gari linakwenda vizuri hadi Gede au Kilifi, linakata ghafla bila kukohoa, unakaa kivulini nusu saa, unawasha, linawaka kama halikufanya kitu. Fundi wa kando ya njia atakuta linawaka na atakuambia halina shida.

Kwenye B15 na Wingroad yenye injini ya QG15 au QG18, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya kranki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, na ndugu yake sensa ya kemshafti. Zikipata joto hukata mawasiliano, zikipoa hurudi. Kipimo cha bure: likishazimika, piga stata na utazame mshale wa rpm. Ukilala kabisa bila kutikisika, kompyuta haioni kranki inazunguka. Mshale ukicheza kidogo, sensa ya kranki huenda ni nzima, geukia petroli. Hapa sitanii: usinunue sensa ya bei ya kutupa. Ile iliyotolewa kwenye gari jingine, ikiwa ni ya kiwandani kwake, hudumu kuliko mpya isiyo na jina.

Kwenye AE100 yenye distribyuta, kile kinachogawa cheche kwa plagi, chanzo huwa koili au ignaita, vinavyotengeneza cheche yenyewe. Likizimika chomoa waya wa plagi, uuelekeze kwenye chuma kwa kutumia plagi ya akiba, piga stata utazame cheche. Hakuna cheche, ni upande wa umeme. Cheche ipo na ya buluu, tafuta petroli. Mtu agonge chini ya tangi kwa kiatu huku wewe unapiga stata. Likiwaka kwa kugongwa, pampu ya mafuta inakaribia mwisho wake na itakuacha mahali pabaya zaidi ya hapo.

Filta ya mafuta ya gari lililokaa nchini miaka mingi usiipuuze. Miaka ile petroli ilipochakachuliwa kwa mafuta ya taa, hadi serikali mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili mchanganyiko huo usilipe, magari mengi yalikunywa uchafu ambao bado umekaa chini ya tangi.

Galant ya GDI inahitaji neno lake. Mitsubishi walianza kuiuza injini hiyo mwaka 1996, inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kupitia pampu ya msukumo mkubwa, na haivumilii mafuta machafu. Ikitetemeka ikisimama na kukosa nguvu mlimani, sababu huwa masizi kwenye njia ya hewa na vali, au pampu hiyo iliyolika. Masizi yanasafishika. Pampu ikilika, hesabu bei yake dhidi ya bei ya gari zima kabla hujaahidi kitu. Ukiuliza ushauri wangu: Galant ya GDI ya bei poa ipishe, hata ikiwa imenyooka kwa nje.

Linachemsha

Hili ndilo linaloua injini nyingi Malindi, na mara nyingi chanzo ni kidogo kuliko noti ya elfu.

Anza na maji. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvichumvi, unayajua kwa sabuni isiyotoa povu. Ukiyatia kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka, yanakula aluminiamu ya hedi (kichwa cha injini) na ya wota pampu, na yanaacha magamba ndani ya mirija. Fungua kifuniko gari likiwa baridi. Maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa au ya kutu, umeshapata sehemu ya jibu. Mwaga, suuza hadi yatoke meupe, jaza kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa na maji ya mvua uliyokinga safi au maji yaliyosafishwa ya betri.

Kifuniko cha rejeta ndicho kitu kinachodharauliwa kuliko vyote. Kazi yake ni kushika msukumo. Chenye alama ya 0.9 hufanya maji ndani yachemke karibu nyuzi 118 badala ya 100. Mpira wake ukikauka, msukumo unatoroka, maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye chupa ya akiba. Watu wamefungua injini nzima kwa kosa la kifuniko.

Kisha feni. Washa AC: feni inatakiwa izunguke. Kama AC haipo, acha gari liungurume hadi mshale upite katikati. Kwenye Corolla nyingi za miaka ya tisini, ukichomoa plagi ya swichi iliyo chini ya rejeta, feni inatakiwa izunguke mara moja. Isipozunguka tazama fyuzi, rilei, halafu mota. Linalochemsha kwenye foleni tu na likitembea linapoa, shida yake iko hapa. Linalochemsha likiwa mbio barabara kuu na likisimama linapoa, rejeta imeziba au maji hayazunguki. Wanaokwenda Tsavo kupitia njia ya lango la Sala wapulize mapezi ya rejeta kwa maji kutokea upande wa injini, maana vumbi jekundu na wadudu hujaa kati ya rejeta na kondensa ya AC mahali jicho halifiki.

Thamostati ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Mafundi wa mwambao wana mazoea ya kuing'oa na kuitupa, "huku ni joto, ya nini?" Bila thamostati injini haifiki joto lake la kazi, kompyuta inadhani ni asubuhi siku nzima, inamwaga petroli zaidi, na oili inachafuka mapema. Kama gari lako linakunywa mafuta ghafla baada ya kutoka gereji, uliza kama thamostati bado iko.

Ukiyamaliza hayo yote na bado linachemsha, ogopa gasketi ya hedi. Dalili zake: mapovu yasiyokwisha ndani ya rejeta injini ikiunguruma, mpira wa juu wa rejeta mgumu asubuhi kabla hujawasha, oili ya rangi ya maziwa, maji yanayopungua bila tone kuonekana chini. Hedi ikitolewa lazima ipimwe kama imepinda. Fundi anayebandika gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda anakuuzia kazi hiyo hiyo tena baada ya miezi.

Na mshale ukipanda njiani, simama. Kutoka pale uliposimama hadi "nifike tu Mtwapa" ndipo gasketi inapokufa.

Moshi

Moshi wa buluu asubuhi tu, unaotoka mkupuo mmoja ukaisha: mipira ya vali. Unaweza kuishi nao, ongeza oili. Buluu kila ukikanyaga mafuta: ringi za pistoni, na hapo injini ya mitumba kutoka Mombasa huwa nafuu kuliko kuifungua uliyonayo. Mweusi: petroli nyingi, anza na filta ya hewa na sensa ya hewa iliyochafuka. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto: rudi juu kwenye gasketi. Mvuke mwembamba asubuhi ya masika ni unyevu tu.

Maji miguuni kwa abiria

Hii ina majibu mawili rahisi na watu huhangaika nayo miaka. Gusa kwa kidole ukanuse, usionje, maana kulanti ni sumu. Yakiwa na harufu tamu na yanateleza, ni kulanti kutoka kwenye hita iliyotoboka, kaoshe mkono. Yakiwa maji safi baridi na yanakuja AC ikiwashwa, mrija wa kutolea maji ya AC umeziba. Uko chini ya gari karibu na ukuta wa injini, uzibue kwa waya laini.

Yakija baada ya mvua, fungua boneti utazame chini ya waipa. Majani ya mwarobaini na ya mkungu yanajaa kwenye ule mfereji, yanaoza yakawa tope, tundu la kutolea maji linaziba, na maji yanatafuta njia ya ndani. Ukilaza gari chini ya mti, zoa majani hayo kila mwezi. Maji hayo yakifika kwenye sanduku la fyuzi au kompyuta, taa zitaanza kuwaka zenyewe na waipa kucheza usiku. Mtu atakuambia gari lina jini. Mrushie zulia lililoloa.

Kwa habari ya kivuli: mwarobaini uvumilie. Mnazi usilaze gari chini yake.

Linavuta upande, gurudumu moja lina moto

Tembea kilomita chache, simama, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa tanuri na nyingine vuguvugu, breki za lenye moto haziachii. Mara nyingi si pistoni ya kalipa. Ni zile pini mbili zinazoteleza, zimeingia chumvi zikakauka. Zitoe, sugua, paka grisi ya breki ile maalumu, badilisha vijimpira vyake. Pedi zikiwa zimelika upande mmoja zaidi ya mwingine, ni ushahidi wa kutosha.

Ukiwa chini huko, fuata mirija ya chuma ya breki hadi nyuma. Pale inaposhikwa na vibanio vya plastiki ndipo kutu hujificha. Mrija ulioota magamba usiupige msasa ukaridhika, ubadilishe. Hili ndilo jambo moja katika mwongozo huu ambalo halina "kwa sasa acha".

Tairi nazo zina tarehe: tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno marefu na umri wa miaka kumi inapasuka jua kali barabara ya Garsen, na meno yake yote yapo.

Kelele za chini

Kok-kok kwenye kila tuta: anza na linki za stebilaiza, ndizo za bei ya chini, kisha bushi, boljointi, mwisho shoksi. Tak-tak-tak ukikata kona hadi mwisho: jointi ya drive shafti, hasa kama mpira wake umepasuka na mchanga umeingia. Mngurumo unaopanda na spidi: bering ya gurudumu. Aliyevuka maji, kama walivyovuka wengi mwishoni mwa 2023 mafuriko yalipoikata njia ya Garsen kwenda Lamu, atazame bering zote pamoja na oili ya giaboksi. Ikiwa ya maziwa, imwage leo.

Giaboksi inateleza au inapiga teke

Pima oili kabla ya kuhukumu. Cedia nyingi zina CVT, giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, na CVT inataka oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Fundi aliyemimina ATF (oili ya otomatiki za kawaida) nyekundu yoyote ndiye aliyeifanya iteleze. Ikiwa bado inatembea, kubadilisha oili na filta kunaweza kuirudisha. Ikiwa inalia na haivuti mlimani hata ikipoa, usiitie pesa.

Spea za gari lisilopendwa

Usitafute kwa jina la gari, tafuta kwa injini. Anayeuliza "spea ya B15" ataambiwa hakuna. Anayeuliza vitu vya QG15 atapata, kwa sababu injini hiyo iko pia kwenye Wingroad na AD van za Y11. Peleka kipuri cha zamani mkononi au picha ya namba yake. Kinachokosekana Malindi kinaagizwa Mombasa asubuhi na kufika na matatu jioni. Mwambie muuzaji akitie kwenye mfuko na aandike namba ya simu yako juu, vinginevyo kitalala kwenye buti hadi Lamu.

Kutu, na lini kuacha

Kutu ya milango na bodi ni sura tu. Pita na bisbisi ukidunga mahali pane: vikombe vya juu vya shoksi za mbele, chasisi inaposhika mikono ya chini, kingo za chini ya milango, na sakafu chini ya zulia la dereva. Bisbisi ikizama kwenye kingo, fundi wa bodi atachomelea. Ikizama kwenye kikombe cha shoksi au kwenye chasisi, gari hilo limekwisha hata injini ikiimba, na asikudanganye mtu kwa bati na puti.

Ukifika hapo, usilipeleke skrepa likiwa zima. Ng'oa betri, alteneta, stata, kompyuta, sensa, rejeta kama ni nzuri, tairi na rimu, halafu uza bodi kwa kilo. Wenye B15 wengine mjini wanavitafuta vitu hivyo, na gari la pili unalolinunua, ukiwa na akili, litakuwa la injini hiyo hiyo.